Waya Chini ya Kamba

Habiba alizikwa Ijumaa baada ya swala, nami nikafika Isiolo Jumamosi, maana maiti wa Kiislamu hamngoji mtu anayetoka Meru na magoti mabovu. Nilitoa mkono wa pole, nikaketi mkekani na wanawake waliofika kabla yangu, nikanywa chai ya tangawizi vikombe viwili. Magoti yalipoanza kulalamika, Amina, binti wa dada yake Habiba, alinishika mkono akanipeleka chumba cha ndani. "Mama Kathambi, pumzika hapa kidogo. Mtoto amelala, lakini huyo hata ukipiga ngoma hashtuki." Mtoto mwenyewe alikuwa mjukuu wake Amina, wa miezi miwili hivi, amelala kitandani chini ya chandarua. Nikatazama kilichoshikilia chandarua hicho. Ulikuwa mzizi wa mgunga uliopindwa, mweusi kwa moshi na umri, umefungwa kwenye kichwa cha kitanda kwa kamba ya nailoni. Ncha yake moja ilikuwa imevunjika, na karibu na mvunjiko kulikuwa na alama nyembamba iliyozunguka mti mara nne, kama alama ya pete kwenye kidole cha mtu aliyenenepa. Niliketi pembeni mwa kitanda nikalia kilio ambacho nje, mbele ya watu, kilikuwa kimenikataa. Alama ile ni ya waya, na waya ule niliufunga mimi.

Habari za kwetu sitazieleza. Baba alikuwa na duka, mama alikuwa na maoni, na hayo yanatosha. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi pekee wa kike katika darasa la useremala la chuo kidogo cha ufundi hapo mjini Isiolo. Nilikuwa nimepigania nafasi ile kwa kucha na meno. Nilijua randa, nilijua msumeno, na nilikuwa najiona fundi kuliko nilivyokuwa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na dispensari iliyosimamiwa na muuguzi mmoja tuliyemwita Sista Agnes, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona. Wajawazito waliletwa pale kwa malori ya mifugo kutoka upande wa Garbatulla na Oldonyiro, wakati mwingine wiki tatu kabla ya siku zao, kwa sababu lori halingoji uchungu. Wodi ilikuwa na vitanda vinne. Waliokosa kitanda walilala barazani, na baraza ikijaa walilala chini ya mti, mvua ikiwapiga, vumbi likiwala. Wengine walijua hivyo, kwa hiyo walibaki nyumbani mpaka uchungu uanze, na hao ndio waliofika wamechelewa. Kabale, dada yake Habiba, alikuwa amechelewa hivyo mara mbili, na mara zote mbili alirudi Garbatulla mikono mitupu. Mwaka ule alikuwa na mimba ya tatu. Habiba, aliyekuwa darasa la ushonaji, aliniambia jambo hilo siku ya kwanza tuliyozungumza, bila machozi, kama mtu anayetaja ukubwa wa kitambaa: "Mvua ikianza, Kabale anazaa. Hiyo nyumba lazima iko tayari."

Nyumba yenyewe, ya kuwalaza wajawazito wakingoja siku zao, ilikuwa imeahidiwa mbao na mabati, na ahadi ni deni lakini mabati hayakuja. Sista Agnes aliomba ruhusa ya kujenga chochote ndani ya ua wa dispensari, akaambiwa hapana jengo bila ramani, na ramani lazima ipitie kwa wakubwa. Basi akachagua kiwanja kitupu mbele ya lango, ng'ambo ya barabara, akaenda kwa mwanamke Msomali aliyeitwa Ayeyo na mji mzima, yaani nyanya, akamwomba awafundishe wanafunzi wa chuo kujenga nyumba ya mikeka kama zile za wafugaji, ila kubwa, ya kulaza wanawake kumi. Ayeyo alikubali kwa sharti moja: wafunzwa wawe wasichana, maana kwao nyumba ni kazi na mali ya mwanamke, mwanamume huingia kama mgeni. Mwalimu wetu wa useremala, Bwana Mutwiri, alicheka. Akawatoa wasichana watano wa ushonaji, kisha akaninyooshea kidole. "Na wewe Kathambi, si wewe ni msichana? Enda ukasuke kikapu." Niliweka randa chini nikiwa nimekasirika hivi kwamba sikuaga.

Siku ya kwanza hatukujenga. Tulitafuna. Ayeyo aliketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, akatugawia maganda ya ndani ya mgunga yaliyokaushwa, akasema, "Tafuna mpaka ikuwe laini kama nywele." Nilidhani ni mzaha wa kuwapokea wageni. Haukuwa mzaha. Uzi wa mikeka na kamba za nyumba hutoka kwenye maganda hayo, na hakuna mashine inayolainisha maganda kama jino la mwanamke. Uchungu wake huingia mpaka masikioni. Mate hukauka, ulimi hukaza, meno hugeuka rangi ya chai. Kufikia wiki ya pili, nilipocheka dukani kwa baba, wateja waliangalia kando. Habiba alitafuna akiwa anaimba. Mimi nilitafuna nikiwa nahesabu siku. Mchana tulikula pamoja ndani, wao mikate ya anjera na nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kukaangwa, mimi githeri yangu ya mahindi na maharagwe kwenye kopo, na kila nikifungua kopo Habiba aliuliza kwa upole mwingi, "Leo pia umeleta chakula ya kuku?" Kisha alinyoosha mkono akaomba kijiko.

Nyumba ya Ayeyo naikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizolala. Ilisimama nyuma ya nyumba ya mawe na mabati ya mwanawe, ambayo aliiita "kopo" na ambamo mpaka wakati huo hakuwa amelala hata usiku mmoja. Ukiingia kwake uliinama, kisha ukanyooka polepole, na joto lote la Isiolo likabaki nje. Kulikuwa na harufu ya uvumba na ya vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa moshi. Juu yako mbavu za nyumba zilipinda kutoka ardhini, zikakutana katikati, zikashuka upande wa pili. Kila ubavu ni mzizi mmoja mrefu wa mgunga uliochimbwa mzima, ukapashwa moto, ukapindwa kidogo kidogo na kufungwa kwa jiwe mpaka ukakubali. Mbavu zile zilichimbwa na mama yake Ayeyo alipokuwa akimwandalia ndoa. Alizijua moja moja. Aliweza kugusa mmoja akasema huu ulitoka bonde fulani, huu mama alikuwa mgonjwa alipoukunja ndiyo maana uko hivi. Mimi niliyezoea mbao zilizopigwa mihuri nilimsikiliza na nikaona haya kidogo, ingawa sikumwonyesha.

Lakini kitu alichotufundisha kwa miezi mitatu, kuliko kupinda na kuliko kusuka, kilikuwa fundo. Ni fundo ambalo uzito wa nyumba wenyewe hulikaza. Upepo ukisukuma, linauma zaidi. Ila lina mkia, na ukiuvuta mkia huo mara moja, linaachia lote. Kila jioni alitufanya tufungue tulichofunga asubuhi. Vijana wa useremala walipita wakituona tumebomoa kazi ya siku nzima, wakacheka. Nilimuuliza Ayeyo, tena kwa ukali usiomfaa mtu wa rika lake, kwa nini tusifunge mara moja tukamaliza. "Nyumba ni ya kwenda," alisema. "Ile haiwezi kufunguliwa, hiyo ni kaburi." Sikuelewa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kiungo kizuri ni kile kisichotoka, kwamba ukimaliza meza, meza imekwisha. Mafundo yangu yalikuwa mabaya kwa sababu hiyo hiyo: mkono wangu ulikuwa unakaza mkia.

Siku tuliposimamisha mbavu za nyumba kubwa, kumi na sita, mimi kwa sababu ya urefu nilipewa kiungo cha juu kabisa, pale mbavu kuu zinapokutana. Jioni nilikuwa nje, nyuma ya nyumba ya Ayeyo, nikikusanya kamba, wanawake wawili majirani wa Ayeyo wakisuka ndani. Mikeka huzuia jua lakini haizuii maneno. Mmoja alisema, "Huyu msichana wa duka, fundo lake ndiyo itateleza. Itaangukia mama na tumbo yake." Mwingine akajibu, "Mkono yake haiamini kamba." Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama watu wanaotabiri mvua. Nilikaa pale na kamba mikononi, na nikamwona Kabale akilini mwangu chini ya ule ubavu, nikauona mzizi ukishuka. Siku iliyofuata nilifika mapema kuliko wote. Nilikuwa na kipande cha waya wa ua kutoka dukani kwa baba na plaisi ya chuo. Nilikaza waya mara nne, nikausokota mpaka ukalia, kisha nikaufunika kwa kamba, fundo zuri la kuonekana, mkia ukining'inia kama inavyotakiwa. Ayeyo alipolitazama alisema, "Leo umeweza." Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi kwelikweli.

Nyumba ilikamilika mikeka yake, tabaka tatu, na watu walikuja kuitazama kama wanavyotazama lori jipya. Bwana Mutwiri aliingia, akapima kwa macho, akasukuma ubavu mmoja, akatoka bila kucheka, na hilo lilinipendeza. Kabale akaja kutoka Garbatulla juu ya lori la mbuzi, amevimba miguu, mnyamavu, akiwa katika mwezi wa tisa. Alikuwa wa kwanza kulala humo. Siku ya nne, Jumamosi, alikuja mtu ambaye sikuwahi kumwona na sikumwona tena baadaye, ameshika karatasi yenye muhuri. Kiwanja kilikuwa chake. Hakuwa mkali, hata alivua kofia. Alisema tu kwamba Jumatatu asubuhi wajenzi wake wanaanza kuchimba msingi, na atakachokikuta pale atakiondoa. Sista Agnes aliisoma karatasi mbele na nyuma akitafuta kosa, na hakulipata. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya milima ya Nyambene. Bwana Mutwiri alitikisa kichwa. "Miezi mitatu ya bure," alisema. Habiba alimkazia macho mpaka mwalimu akaangalia chini.

Ayeyo peke yake hakuonekana kusikia habari mbaya. Alimuuliza Sista, "Ndani ya ua yako, hii ni nyumba ama ni mzigo?" Sista Agnes alifikiri, na uso wake ukafunguka. "Mimi nimekatazwa kujenga," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mizigo ya wagonjwa hakuna mtu amenikataza." Basi Jumapili asubuhi, badala ya kwenda kanisani, nilikuwa kiwanjani. Kabale alihamishiwa barazani na godoro lake. Mjukuu wa Ayeyo alileta ngamia wawili. Ilikuwa ni kuvuka barabara tu, lakini Ayeyo alikataa katakata nyumba ipelekwe kwa mkokoteni kama viazi. Mikeka ikashuka. Kisha akasema tuanze juu, maana nyumba hufunguliwa kwa kurudi nyuma, fundo la mwisho kufungwa likiwa la kwanza kufunguliwa. La mwisho lilikuwa langu.

Nilipanda. Nilivuta mkia, kamba ikaachia vizuri, na mbavu hazikusogea. Chini wote walikuwa wananitazama, wakingoja. Niliinama kama naondoa takataka, nikajaribu kusokotoa waya kwa vidole, nikajikata. Jasho lilinitoka ambalo si la jua. Ningeweza kusema kamba imelowa, imekwama, lolote. Sista Agnes ndiye aliyeniuliza, "Kathambi, kuna nini huko? Mficha uchi hazai." Nikajibu kwa sauti iliyokuwa ndogo kuliko nilivyotaka, "Kuna waya." Habiba hakuniangalia. Alikwenda mwenyewe chuoni kuleta plaisi. Lakini waya ulikuwa umekwisha kuuma mzizi. Kila upepo wa wiki ile ulikuwa umeusaga pale pale, na nilipoukata na wenzangu wakavuta, ubavu mkuu ulipasuka mahali pa waya, ukavunjika vipande viwili. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama kuni inayovunjwa gotini.

Nilishuka nikasimama mbele ya Ayeyo. Nilitaka anitukane. Aliokota kipande, akapitisha kidole kwenye ile alama, mara nne. "Naa, wee Kathambi," alisema, "ulidhani nyumba itatoroka?" Nilimwambia yote, niliyoyasikia nje ya mikeka, na Kabale, na hofu. Alisikiliza mpaka mwisho. "Hofu si mbaya. Lakini ulifunga hofu yako, hukufunga nyumba." Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Sote tulijua hesabu yenyewe: bila ubavu ule paa halisimami, na mzizi mpya huchimbwa, hupashwa moto, hukaushwa, kazi ya wiki tano au sita. Kabale alikuwa ameketi barazani, mikono chini ya tumbo, akitazama upande wetu. Ayeyo alijifunga shuka kiunoni, akamwita mjukuu na ngamia mmoja, akaondoka kuelekea kwake. Niliposikia alichokwenda kufanya nilikimbia nyuma yake, nikamkuta tayari amevuta mkia wa kwanza. Nyumba yake ilishuka mbele ya macho yangu kwa muda wa kunywa chai. Alichagua ubavu mrefu kuliko zote, wa mama yake, akaniwekea begani. Mbavu nyingine alizifunga mzigo mmoja, akaziegemeza ukutani mwa ile nyumba ya mabati. Nilimwambia, "Ayeyo, usifanye hivyo." Akanijibu, "Beba. Jua inaenda."

Adhuhuri ilipofika nyumba ilikuwa imesimama ndani ya ua wa dispensari. Fundo la juu lilikuwa langu tena. Nilidhani atampa mwingine, nikamwomba ampe mwingine, akasema warefu ni wachache. Nilifunga kwa kamba niliyoitafuna mwenyewe. Mkono ulitaka kukaza mkia, nikauambia uache. Ayeyo akaniambia nining'inie, na mimi nikashika ubavu kwa mikono miwili, nikaachia miguu hewani mbele ya watu wote, na sketi yangu ya Jumapili. Fundo lilishika. Mvua ilikuja Jumatano, mvua ya Isiolo isiyo na adabu, na Kabale alikuwa ndani, na hakulowa. Uchungu ulimshika Ijumaa mchana. Habiba na mimi tulimshika mabega, tukatembea naye hatua thelathini na mbili mpaka wodini. Alasiri tulisikia mtoto akilia, sauti ya hasira, na Habiba, ambaye sikuwahi kumwona akilia, aliketi kwenye matope akalia. Mtoto yule ndiye Amina.

Ayeyo hakunisamehe kwa maneno. Alinipa kazi. "Nyumba yangu imelala chini kwa sababu yako. Utaniletea mbavu moja," alisema, na miezi yote iliyobaki ya mwaka ule alilala ndani ya kopo la mwanawe, akilalamika kila asubuhi kwamba mvua juu ya mabati inamtukana. Nilichimba kando ya lugga, ule mto mkavu, na Habiba akishika sururu nyingine. Mzizi wa kwanza niliupasua kwa moto. Wa pili nilikuwa na haraka nao, ukapinda upande mmoja kuliko mwingine, Ayeyo akautumia kuning'iniza nyama. Wa tatu niliukalia wiki saba, nikiufunga kwa jiwe, nikiulegeza, nikiukunja tena. Nilipoupeleka aliupokea, tukasimamisha nyumba yake. Nilifunga juu. "Fungua," akasema. Nilivuta, likaachia. "Funga tena." Nikafunga. Akainama akaingia ndani, na baada ya kitambo nikasikia sauti yake ikiagiza chai. Tangu wakati huo nimetengeneza milango, madawati na vitanda kwa zaidi ya miaka arobaini, na wateja wangu huniona mama msumbufu, kwa sababu kabla sijapiga msumari huuliza kitu hiki kitatokaje siku watakapohama.

Amina alirudi na kikombe cha tatu akanikuta nimeshika ule mzizi. "Habiba alisema hiyo ni mti ya nyumba ya mama yangu," akaniambia. "Sisi wote tumelala chini yake, na watoto wetu pia. Kama unataka, uende nayo. Mimi sijui inafunguliwa aje." Kumbe Habiba aliokota kipande changu siku ile ya Jumapili, na katika miaka yote ya kutembeleana hakuwahi kuniambia. Nilitafuta kwenye nailoni, nikaupata mkia. Nilivuta mara moja, fundo likaachia lote, na chandarua kikamwangukia mtoto, ambaye alikunja uso tu akaendelea na usingizi. Nilikiinua, nikaurudisha mzizi mahali pake, nikafunga, nikamwambia Amina avute. Akavuta, fundo likaachia, akashtuka. "Sasa funga wewe," nikamwambia. Mara ya kwanza alikaza mkia, mara ya pili pia. Ya tatu aliuacha mkia, nikalikubali fundo lake, tukatoka nje kwa wageni.